Mkoromo Uliobaki Godoroni

Kijiwe chenyewe hakina benchi, kina kochi. Ni kochi la watu watatu ambalo mteja mmoja alilileta kwa Gogo libadilishwe kitambaa, akaondoka, na simu yake haikupatikana tena. Ndani ya karakana hapakuwa na nafasi, likatolewa nje na kuegemezwa ukutani chini ya bati, na kwa vile kiti kisicho na mwenyewe ni cha kila mtu, mtaa ukalikalia. Springi ya kushoto imekufa, hivyo anayekaa upande huo hubishana akiwa chini ya wenzake. Huo ni upande wa Sekunde, fundi saa, mtu mwenye kinyongo na kila kitu kinachotumia chaji. Kulia hukaa Dokta, ambaye udokta wake ni wa kuendesha gari la wagonjwa mpaka akastaafu, naye anaamini kwamba kila ugonjwa aliowahi kuubeba nyuma ya mgongo wake ameshausomea. Katikati ni Gogo mwenyewe, fundi makochi, mwenye karakana na mwenye ukuta. Jina hilo alipewa hapo hapo kijiweni, kwa sababu alikuwa akilala kama gogo. Alilala akisubiri gundi ikauke, alilala kwa kinyozi, alilalia makochi ya wateja akidai anayapima. Mbele yao, juu ya kigoda, huketi Mama Chupa na chupa zake mbili za kahawa, akisikiliza kuliko anavyosema.

Jioni hiyo Gogo hakuwa amelala. Alikaa wima kama mshtakiwa, mkono wa kushoto juu ya goti, akiitazama ile bangili nyeusi ya kupima afya kama mtu anayetazama jipu.

— Imesemaje leo? — Dokta akauliza, akipuliza kahawa yake.

— Ile ile.

— Ile ile ipi?

— Kukoroma. Usiku kucha.

Sekunde akashusha kikombe.

— Kukoroma kwa nani?

— Haisemi kwa nani. Inasema kukoroma, basi.

— Lakini shemeji si hayupo?

— Hayupo.

— Tangu wiki iliyopita.

— Sekunde, nimesema hayupo.

Habari yenyewe ilikuwa nzito kuliko walivyoizoea.

Bangili ile Gogo hakuinunua. Alipewa na bwana mmoja wa ofisini aliyekuja kuchukua makochi yake, mtu wa kukimbia asubuhi akiwa amevaa kaptula, aliyekuwa amepata nyingine mpya zaidi. Alimfunga Gogo hiyo ya zamani mkononi, akamwekea programu yake kwenye simu, akamfundisha kuiacha simu karibu na mto usiku ili isikilize, kisha akaenda zake. Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Gogo alikuwa akiketi chini anapigilia misumari kwenye mbao za kochi, na kwa kila pigo la nyundo bangili ilihesabu hatua, jioni ikampongeza kwa kutembea mbali. Kijiwe kizima kiliona fahari kuwa na mwanariadha asiyenyanyuka.

Halafu asubuhi moja ikamwambia kwamba halali vizuri.

Mtu aliyeitwa Gogo na mtaa mzima akaambiwa na kidude cha mkononi kwamba hajui kulala. Ilimuuma. Akaanza kulala kwa bidii, na usingizi si kitu cha kufanywa kwa bidii. Kila alipoamka alikuta mistari myekundu kwenye simu, na chini yake maneno kwamba chumbani mlikuwa na kukoroma kwingi. Akaileta kesi kijiweni. Kijiwe kikaketi, kikanywa kahawa, kikauliza chumbani wanalala wangapi. Wawili. Mmoja ndiye anayelalamika hapati usingizi. Basi mwizi ni yule mwingine. Hukumu ilipita kabla chupa ya kwanza haijaisha.

Asubuhi ya pili yake, alfajiri, Gogo alimfuata mkewe jikoni. Mkewe huoka mikate ya kuuza kwenye kantini ya hospitali, na huamka mtaa ukiwa bado giza. Mikono yake ilikuwa na unga hadi viwikoni. Gogo alimwonyesha simu, akamwambia kwamba yeye ndiye anayemmaliza.

Mkewe aliitazama ile mistari kwa muda.

— Hii nyekundu ni mimi?

— Ni wewe.

Mkewe alimaliza kuoka, akafunga mikate yake, akaipeleka kantini, na kutoka huko hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa dada yake.

Kwa hiyo sasa kijiwe kilikuwa na tatizo. Kilikuwa kimemhukumu mtu, mtu akaondoka, na kosa likabaki.

Gogo mwenyewe alikuwa na wazo moja lililombishia hodi tangu asubuhi. Alikuwa bafuni lilipokuja mara ya kwanza. Hakulifungulia. Lilimfuata mpaka karakanani, likasimama mlangoni wakati anakata kitambaa, naye akajifanya yuko mbali. Alikuja kukaa kochini akiwa na tumaini kwamba wenzake watamletea wazo lingine lolote, hata kama ni la kijinga, mradi liwe na sura tofauti na lile.

Na wenzake hawakumwangusha.

— Godoro, — akasema Dokta.

— Godoro limefanyaje?

— Sponji kazi yake ni nini? Kunyonya. Ukimwaga maji, inanyonya. Ukimwaga chai, inanyonya, na wewe ndiye unayetuambia doa la chai halitoki. Sasa mtu amekoroma juu ya sponji miaka na miaka. Huo mkoromo umekwenda wapi? Haba na haba hujaza kibaba. Mwenyewe kaondoka, godoro limebaki limejaa. Usiku ukiligeukia, linatoa.

Gogo akalifikiria. Kwa sponji hakuna mtu mtaani wa kumdanganya.

— La kwangu ni sponji ngumu, Dokta. Nililikata mwenyewe. Ngumu hainyonyi hivyo.

— Ngumu ndiyo haiachii. Nimebeba wagonjwa mimi. Machela ya gari letu ilikuwa inaguna yenyewe tukiwa tunarudi tupu.

— Ilikuwa inaguna kwa sababu haikupakwa grisi, — akasema Sekunde kutoka kule chini. — Godoro liache. Godoro halina ulimi. Tatizo ni hicho kidude. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Kiko mkononi.

— Mkono uko wapi? Si kwenye shati? — Sekunde akajaribu kujiinua, springi ikamrudisha. — Sikilizeni. Saa ya kweli ina adabu. Unaiuliza saa ngapi, inakwambia, inanyamaza. Haikuulizi umelala na nani. Nimefungua saa za watu maisha yangu yote, hakuna hata moja niliyoikuta imeandika mambo ya mwenyewe. Sasa hiki, Gogo, kilikuwa cha nani?

— Cha yule bwana wa makochi.

— Alikivaa muda gani?

— Muda mrefu. Mkanda ulikuwa umepauka.

— Basi umekwisha. Huo mkoromo si wako wala wa shemeji. Ni wa mwenye mali. Umejaa humo ndani, kinautoa kidogo kidogo. Ukinunua redio ya mtu si unaikuta kwenye stesheni yake?

Hilo liliingia. Gogo alihisi mabega yakishuka. Yule bwana alikuwa na shingo nene, shingo ya mkoromo hasa. Ingetosha. Angekwenda kwa shemeji yake, angeeleza kwamba kosa ni la mteja, na mkewe angerudi pasipo mtu yeyote kuwa na hatia isipokuwa mtu asiyekuwepo. Hakuna hatia tamu kama ya mtu asiyekuwepo.

Dokta ndiye aliyeharibu.

— Kwa hiyo hata mapigo ya moyo inayomwonyesha ni ya yule bwana?

— Kwa nini yasiwe?

— Basi ya Gogo yako wapi?

Gogo, bila kutaka, akapeleka vidole viwili shingoni. Akakaa hivyo, macho juu, mpaka akayapata.

— Yapo, — akasema.

— Yako au yake?

— Dokta, mwache mtu anywe kahawa, — Mama Chupa akasema, akimjazia Gogo kikombe.

Lakini Dokta alikuwa ameshawasha king'ora.

— Mimi nitawaambia jambo ambalo halisemwi. Huko wanakotengeneza hivi vitu, matajiri hawalali. Wana vitanda vya ajabu, wana vidonge, hawalali. Sasa usingizi utatoka wapi? Lazima uchukuliwe mahali. Wanafanyaje? Wanaeneza hizi bangili kwa watu wanaolala vizuri. Inakupima kwanza, inaona, huyu ana usingizi mwingi. Halafu inaanza kuvuta. Ndiyo maana ina kitaa cha kijani kwa chini, kinamulika mshipa. Unafikiri kinatafuta nini humo?

— Mapigo ya moyo, — akasema Gogo kwa sauti ndogo.

— Hicho ndicho walichoandika kwenye boksi. Wewe ulikuwa mgodi, Gogo. Mtaa mzima huu ulikuwa huna mpinzani. Wamekuchimba.

— Penye miti hapana wajenzi, — akasema Sekunde kwa huzuni, na wote wakaitikia kwa kichwa, ingawa hakuna aliyejua miti ni ipi.

— Na kukoroma?

— Hiyo ni mashine. Mashine ikivuta inanguruma. Wanaiita kukoroma ili usishtuke.

Gogo akaitazama bangili kwa macho mapya. Alitaka kuamini. Alikuwa tayari kuwa mgodi. Ila kulikuwa na jambo moja dogo. Juzi usiku alikuwa ameivua kwa hasira na kuitupa kwenye kabati, akaiacha simu peke yake karibu na mto, na asubuhi simu ikamwambia yale yale. Hilo hakulisema. Mtu anayezama haulizi kama kamba imeoza.

Sekunde naye hakukubali kuzidiwa na mtu aliyekuwa dereva. Akaegemea mbele, akashusha sauti.

— Au tuseme ukweli. Mwanamke haondoki bure. Anaacha kitu. Wewe umemwambia anakoroma, umemtia aibu. Angefanya nini ili akukomeshe? Anahakikisha kukoroma kunaendelea. Dirisha lako la chumbani linatazama wapi?

— Uchochoroni.

— Uchochoroni kuna nini usiku?

— Hakuna kitu. Paka.

— Hujui. Wewe unakuwa umelala. Mtu anaweza kuja akasimama pale dirishani akakoroma mpaka alfajiri, akaenda zake.

— Nani atakubali kazi hiyo?

— Ndugu zake. Shemeji yako yule mdogo hana kazi. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo.

Jambo la ajabu ni kwamba kwa kitambo kidogo Gogo alimwona kabisa yule shemeji yake mdogo, amevaa koti, amesimama kwenye uchochoro, anakoroma wima. Na akamkasirikia. Alisikia hasira ya kweli ikimpanda, hasira ya mtu aliyeonewa na ukoo mzima, na ilikuwa na raha yake, kama kujikuna.

— Wanaweza, — akasema. — Wale watu wanaweza.

Mama Chupa alikuwa anafuta vikombe. Akasema, kana kwamba anaviambia vikombe:

— Nyani haoni...

Wakamsubiri.

— Haoni nini? — Sekunde akauliza.

— Nimesahau mwisho wake.

— Methali haisahauliki.

— Basi mtaikumbuka wenyewe. Nani anaongezewa?

Ndipo alipotokea dada mkubwa wa mkewe Gogo. Alikuja kwa miguu, kikapu kitupu mkononi, mwendo wa mtu aliyekuja kwa jambo moja. Ni mwanamke mrefu, anauza vitambaa, na Gogo mwenyewe ni mteja wake. Mara nyingi wamebishana kuhusu rangi isiyochuja. Sasa alisimama mbele ya kochi na wote watatu wakajikuta wamekusanya miguu.

— Hamjambo.

— Hatujambo, dada. Karibu, — wakaitikia. Dokta akafanya kama anampisha kiti.

— Sikai. Shemeji, amenituma trei zake za kuokea.

Mwanamke akituma watu wachukue nguo, ana hasira, na hasira huisha. Akituma wachukue vifaa vya kazi, amehama.

— Zote? — akauliza.

— Zote. Za kuazima zimemchosha. Na ule ungo wa kuchekechea unga.

— Anaendeleaje?

— Analala.

Alilisema bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililochoma. Dokta, aliyekuwa na moyo mzuri kuliko akili, akaona rafiki yake anazama, akajitosa.

— Dada, ukimwona mdogo wako mwambie asikate tamaa. Hapa tumelichunguza jambo hili kitaalamu. Imeonekana si kosa lake moja kwa moja. Kuna suala la godoro.

— Godoro.

— Limenyonya.

Sekunde naye hakutaka kuachwa nyuma. — Au ni bangili yenyewe. Ina mambo ya mtu wa kwanza.

Wakamweleza. Walimweleza yote, wakipokezana: sponji, machela, redio ya mtu, matajiri wasiolala, kitaa cha kijani. La uchochoroni Sekunde alilianza, akakumbuka anaongea na nani, akaligeuza kuwa la paka. Yule mwanamke alisikiliza kikapu kikiwa mkononi, hakucheka, hakukunja uso. Walipomaliza aliwatazama mmoja mmoja kama anayehakikisha kwamba kweli wamemaliza.

— Mdogo wangu nimelala naye kitanda kimoja wiki nzima, — akasema. — Usingizi wangu ni mwepesi, mjusi akipita ukutani naamka. Sijamsikia akikoroma.

Akahamishia kikapu mkono wa pili.

— Siku ya kwanza nilimwona anaingiza vitu masikioni kabla ya kulala. Nikamuuliza ni nini. Ni vipande vya sponji. Anaviokota karakanani kwako ukifagia, anavikata vidogo vidogo. Kasema ameshazoea, tangu mlipooana. Nikamwambia humu hakuna kelele, vitoe. Akavitoa. Siku ya pili yake alichelewa kuamka, mara ya kwanza maishani mwake. Mikate ilichelewa kantini. Alilia, nikadhani analilia mikate.

Gogo alikuwa anatazama sakafu ya saruji. Lile wazo lililokuwa mlangoni tangu asubuhi sasa lilikuwa limeingia lenyewe na kukaa kati yake na Dokta, palipobana kabisa.

— Kwa nini hakuniambia? — akauliza, na hata yeye alisikia jinsi swali lilivyokuwa dogo.

— Alikuambia siku moja. Kasema ulimcheka, ukamwambia fundi hakoromi, anapumua.

Sekunde akakohoa. Maneno hayo yote waliyajua; Gogo aliwahi kuyarudia hapo hapo kijiweni, na wote walikuwa wamecheka.

— Kwa hiyo kanituma trei, — akasema yule mwanamke, — na swali. Swali lenyewe ni fupi. Kasema nikuulize hivi: tangu yeye aondoke, kukoroma kumekoma?

Dokta akainamia kikombe chake kama mtu aliyeona mdudu ndani. Sekunde akatoa saa ya mteja mfukoni, akaanza kuitia ufunguo, ingawa ilikuwa ya betri. Ndipo bangili ikatetema mkononi mwa Gogo.

— Inasemaje? — Dokta akanong'ona, maana mazoea yana tabu.

Gogo akaisoma.

— Inasema nimekaa sana.

— Ni kweli, — akasema shemeji yake.

Dokta akanyoosha kikombe kwa Mama Chupa ili angalau apate kitu cha kufanya. Mama Chupa akainamisha chupa ya kwanza, akainamisha ya pili, akaitikisa karibu na sikio.

— Kahawa imekwisha.

— Imekwishaje mapema hivi?

— Mmeongea sana leo.

— Shemeji, — akasema yule mwanamke, — nikamwambie nini?

Gogo akainuka. Alipita karibu naye, akaingia karakanani, akatokea mlango wa nyuma unaoelekea nyumbani kwake. Walimsikia akigongagonga vitu jikoni. Aliporudi alikuwa amebeba trei zote zimefungwa kwa mkanda wa kochi, na ule ungo juu yake. Bangili hakuwa nayo tena mkononi. Mahali pake palikuwa na alama nyeupe, laini, kama ngozi ya mtu mwingine.

Shemeji yake akafungua kikapu apokee.

— Acha, — akasema Gogo. — Nitazipeleka mwenyewe.

— Kakutuma nani?

— Si ameuliza swali?

Yule mwanamke akamtazama, kisha akatangulia. Gogo akafuata, trei zikigongana kifuani kwake kila hatua, na watu wa mtaani wakageuka kumwangalia fundi makochi akipita na vyombo vya kuokea kama mtu aliyefukuzwa nyumbani kwake. Nyuma yake alisikia Sekunde akimwambia Dokta kwamba hata hivyo bado hawajazungumzia suala la mto. Hakugeuka.

Njiani alipanga maneno. Alipanga mengi, mengine mazuri. Alipanga kuanza na yule mteja, alipanga kuanza na uchovu wa kazi, alifikia hata kupanga kuanza na utani kidogo, na kila alipopanga, trei ziligongana yakamtoka. Mpaka wanafika kwa shemeji yake hakuwa amebaki na kitu.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Harufu ya mkate ilikuwa inatoka chini yake. Shemeji yake akarudi nyuma hatua moja, akamwachia yeye abishe. Mikono yake ilikuwa imejaa, akabisha kwa mguu.

— Nani? — mkewe akauliza kutoka ndani.

— Ni mimi.

Hatua zilizokuwa zinakuja mlangoni zikasimama.

— Sijasikia, — akasema mkewe. — Rudia.

Gogo akaziweka trei chini, taratibu, zisigongane.

— Ni mimi, — akasema. — Siku zote ni mimi.